Kupaka Rangi ya Kupuliza Taa ya Akwariamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Taa ya akwariamu hufanya kazi mahali pagumu. Joto linatoka ndani yake, mvuke unapanda kutoka chini, na matone huirukia kila samaki wanapogombea chakula. Miaka michache ikipita, kava linapauka, linashika madoa ya chokaa au kuanza kula kutu, na mwenye taa anaanza kutazama makopo ya rangi dukani. Majibu haya yanahusu taa za LED na za tyubu zinazokaa juu ya maji, pamoja na makava yanayozibeba.

## Mambo ya msingi

Je, taa ya akwariamu inaweza kupakwa rangi ya kopo?

Inaweza, na ikifanywa vizuri hudumu miaka. Alumini, bati na plastiki ngumu zote hupokea rangi zikisafishwa na kuandaliwa. Kazi hii hutofautiana na kupaka geti au kiti kwa mambo mawili: chombo kinarudi kuning'inia juu ya viumbe wanaopumua ndani ya maji, na ndani yake mna umeme. Kwa hiyo utaona majibu mengi hapa yanahusu sehemu zisizopakwa na muda wa kusubiri kuliko rangi yenyewe.

Rangi itaua samaki wangu?

Rangi iliyokauka hadi ndani, ikashika vizuri, na isiyogusa maji, haiwadhuru. Hatari iko katika nyakati mbili.

Ya kwanza ni wakati wa kupuliza na siku chache zinazofuata. Rangi ya kopo hubebwa na viyeyusho kama asetoni, tolueni na zaileni, na mvuke wake huingia majini kupitia uso wa maji. Njia mbaya zaidi ni pampu ya hewa: inafyonza hewa ya chumbani na kuisukuma moja kwa moja ndani ya akwariamu, saa baada ya saa. Wewe ukisikia harufu unatoka nje. Samaki hana pa kwenda. Ya pili ni baadaye, rangi iliyopakwa juu ya uchafu inapobanduka na magamba yake kuanguka majini, ambako samaki huyadonoa wakidhani ni chakula. Hatari zote mbili zinaepukika, na ndiyo kazi ya ukurasa huu.

Ni sehemu gani zipakwe, na zipi zisiguswe?

Paka sehemu ya nje inayoonekana: mgongo wa kava, mbavu za pembeni, na mabano au vyuma vya kuning'inizia.

Usipake hizi:

- Kioo au plastiki ang'avu inayopitisha mwanga, na lenzi za LED.
- Kiakisi cha ndani, kile kibati kinachong'aa nyuma ya tyubu (tazama swali la rangi ya ndani).
- Raba na gundi za kuzuia maji. Rangi huzikakamaza, na maji hupata njia.
- Soketi za tyubu, plagi, swichi na nyaya.
- Matundu ya hewa na feni.
- Mahali skrubu ya ethi inapogusa chuma.
- Miguu au klipu zinazoingia ndani ya kioo na kugusa maji.

Hiyo ya ethi ndiyo husahaulika zaidi, na ndiyo yenye madhara makubwa. Waya wa kijani na njano hufungwa kwenye chuma kitupu cha kava ili umeme ukivuja uende ardhini badala ya kupita mwilini mwako. Rangi haipitishi umeme. Ukipaka pale na kurudishia skrubu juu yake, taa itawaka kama kawaida huku ulinzi umeondoka, na hutajua hadi siku utakapotia mkono wenye maji.

Nahitaji vitu gani?

Rangi, praima (rangi ya chini inayopakwa kwanza ili ile ya juu ishike) inayolingana na malighafi ya taa yako, msasa wa namba tatu tofauti, masking tepu, magazeti ya zamani, siki nyeupe, sabuni ya vyombo, spiriti na vitambaa visivyoacha manyoya. Kwa mwili wako: miwani, glavu na barakoa yenye vichujio vya mvuke. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali huzuia matone tu, mvuke unapita.

## Kuchagua rangi

Rangi gani inafaa: akriliki, enameli au ya magari?

Kwa mtu anayefanya mwenyewe nyumbani, akriliki ya kopo ndiyo chaguo langu la kwanza. Hukauka haraka, huacha harufu mapema, na haigeuki njano upesi. Enameli ya mafuta hutoa ngozi ngumu yenye mng'ao, lakini hukomaa polepole na hutoa harufu kwa siku nyingi. Ukiichagua, ongeza muda wa kusubiri.

Rangi za magari za kuchanganya na hadina, yaani kimiminika cha kuigandisha rangi, ndizo ngumu kuliko zote, lakini zina isosayaneti, kemikali inayoweza kusababisha pumu ya kudumu kwa mtu anayeivuta bila vifaa kamili. Hizo waachie mafundi (tazama swali la fundi wa gereji).

Soma kopo kabla ya kulipa. Litakuambia aina ya rangi, inashika juu ya nini, muda kati ya mkono na mkono (yaani tabaka moja na jingine), na joto inalohimili. Kopo lisilo na maelezo hayo lirudishe rafuni.

Je, praima ni lazima?

Kwa alumini na mabati, ndiyo. Alumini hujifunika yenyewe utando mwembamba wa oksidi ambao rangi ya kawaida haiushiki vizuri. Tafuta praima ya kung'ata chuma, ambayo ina asidi kidogo ya kujishikiza.

Bati lililopakwa zinki lina tatizo lake. Enameli ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki, mafuta yake na zinki hutengeneza kitu cha jamii ya sabuni kati ya chuma na rangi. Miezi kadhaa baadaye rangi inavuka kwa vipande vikubwa, na fundi analaumu rangi kuwa feki. Praima ya mabati huzuia hilo.

Chuma cheusi kinahitaji praima ya kuzuia kutu. Plastiki ina swali lake kule chini.

Nina rangi ya boti iliyobaki. Si inahimili maji vizuri zaidi?

Simama hapo. Rangi ya kupaka sehemu ya boti inayozama, ile ya kuzuia chaza na mwani wasiote, mara nyingi ina oksidi ya shaba, na imetengenezwa makusudi iwe inatoa sumu kidogo kidogo. Shaba huua kamba wadogo na konokono kwa kiwango kidogo sana, na matumbawe hayaivumilii. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Unguja, Tanga na Mombasa ambako makopo haya hayako mbali na nyumba, onyo hili ni la kweli kabisa: isikaribie akwariamu, hata kama ni tone moja ubavuni mwa kava.

Vanishi ya boti ya kupaka mbao za juu ya maji ni kitu kingine. Hiyo haina kazi ya kuua, na inatajwa kwenye swali la kava la mbao.

Nahitaji rangi ya kuvumilia joto kali?

Kwa LED na tyubu, hapana. Kava la LED likiwa na afya huwa la kuudhi mkono, si la kuunguza, na enameli ya kawaida ya kopo huvumilia karibu nyuzi joto 90. Rangi za majiko na ekzosi, zinazotangazwa kuvumilia nyuzi 600 na zaidi, nyingi zinahitaji kuchomwa kwa joto kubwa ndipo zikomae. Juu ya taa yako hazitalipata joto hilo kamwe, na zitabaki laini, zikikwanguka kwa ukucha.

Taa za zamani za halidi, zenye balbu kali za gesi, ni jambo jingine. Kava lake huwa moto sana karibu na balbu; huko usipake kitu kisichoandikwa kiwango cha joto, na kioo chake cha kinga dhidi ya miale ya urujuanimno kisiguswe kabisa.

Nikipaka nyeusi, taa haitapata joto zaidi?

Swali zuri, na jibu lake huwashangaza wengi. Joto la LED hutoka kwa njia mbili: hewa inayopita kwenye mapezi ya alumini (vile vibati vyembamba vya kupozea), na mnururisho usioonekana kwa macho. Alumini tupu iliyong'arishwa ni hafifu sana kwa njia hii ya pili. Hutoa chini ya sehemu moja ya kumi ya kile kinachowezekana. Uso uliopakwa rangi hutoa karibu sehemu tisa za kumi, na hapa nyeupe na nyeusi hazitofautiani sana, kwa sababu rangi tunayoiona kwa macho si kitu kile kile katika mnururisho wa joto. Kwa hiyo utando mmoja mwembamba juu ya alumini tupu hauzuii joto. Huweza hata kusaidia kidogo. Alumini iliyokwisha kutiwa weusi kiwandani haitapata faida yoyote.

Madhara yanakuja rangi inapokuwa nene, au inapojaza nafasi kati ya mapezi na hewa ikakosa njia. LED inayopata joto kupita kiasi hupoteza mwanga wake mapema. Mapezi yakiwa membamba na yamekaribiana, yafunike kwa tepu uyaache yalivyo. Mimi huyaacha hata yakiwa mapana, isipokuwa yameanza kuliwa.

Rangi nyeusi huleta joto kwa namna moja tu inayohesabika: taa ikikaa dirishani ambako jua linaipiga. Na akwariamu yenyewe haikupaswa kuwa hapo.

Ndani ya kava nipake nini, fedha au nyeupe?

Kama kiakisi cha kiwanda bado kinang'aa, kifute kwa kitambaa chenye siki na uache hapo. Kikiwa kimeungua au kina madoa yasiyotoka, paka nyeupe isiyong'aa. Rangi ya fedha ya kopo inavutia kwa macho, lakini ni chembe za alumini ndani ya utomvu, na hurudisha mwanga kidogo kuliko nyeupe safi. Ndani ya kava ndiko mvuke unakogandia na kudondoka majini, kwa hiyo sehemu hiyo ipate maandalizi bora kuliko nje.

## Kuandaa

Naanzaje na umeme?

Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Toa tyubu kwanza na uziweke mahali salama, kwani zina zebaki, na tyubu ikivunjikia juu ya akwariamu ni balaa. Choki, stata na moduli za LED zitoe kama zimefungwa kwa skrubu. Piga picha ya kila waya kabla ya kuutenganisha.

Kisanduku cha kuendeshea LED usikifungue. Kapasita zilizomo zinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Kama taa imezibwa kiwandani isipate maji na haifunguki bila kukata gundi, iache imefungwa. Funika na upulizie nje tu.

Natoaje chumvi na chokaa?

Hatua hii ndiyo huamua kama rangi itadumu. Ukoko mweupe unaojengeka pembeni mwa taa ni chokaa ya maji magumu, au chumvi kwa wenye akwariamu ya bahari. Wanaofuga mbuna wa Ziwa Nyasa au samaki wa Tanganyika wanaufahamu vizuri, kwa kuwa samaki hao wanataka maji magumu yenye alkali. Maji ya visima vya Pwani nayo huacha alama hizo hizo.

Loweka kitambaa kwa siki nyeupe, kilaze juu ya ukoko, subiri dakika 20, kisha sugua kwa mswaki wa zamani. Suuza kwa maji safi, osha kwa sabuni ya vyombo, suuza tena, kausha, na umalizie kwa kupangusa kwa spiriti. Chumvi ikibaki chini ya rangi huvuta unyevu na kuinua malengelenge.

Chunguza pia kama kuna mabaki ya silikoni. Wengi wetu tunayo, kwa sababu ndiyo inayoshika vioo. Rangi inaikimbia na kuacha vitobo vya mviringo, na kupuliza tena juu yake hakusaidii. Ikwangue kwa wembe, kisha usugue kwa msasa.

Msasa namba gani?

Kwa kutu, anza na namba 120 hadi chuma kionekane. Kwa kava zima tumia 220 au 320, lengo likiwa kuondoa mng'ao na kuacha mikwaruzo midogo ya kushikia rangi. Namba 400 yenye maji ni ya kulainisha kati ya mkono na mkono. Fanyia kazi hii nje, na futa vumbi lote kabla ya spiriti ya mwisho.

Nafunikaje vizuri?

Tumia masking tepu na ukandamize kingo zake kwa ukucha. Matundu ya skrubu za ethi yazibe kwa kipande cha tepu pande zote mbili. Gazeti likae safu mbili. Safu moja hulowana na rangi ikapita. Tepu itoe rangi ikiwa bado mbichi kidogo, ukiivuta kwa pembe ya mshazari, la sivyo itang'oka na ukingo wa rangi.

## Kupuliza

Naweza kupulizia ndani ya nyumba, chumba kingine?

Hapana, hata ukifungua madirisha. Ukungu wa rangi husafiri, na gesi inayosukuma rangi kutoka kwenye kopo mara nyingi ni ya jamii ya gesi ya kupikia: nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, na inashika moto. Jiko la mkaa au la gesi likiwa linawaka jirani, unacheza na mlipuko.

Toka uani, kwenye kibaraza kilicho wazi au juu ya dari la zege. Ukiishi ghorofani na huna nafasi, omba sehemu kwa fundi. Kabla ya kutoka, funga madirisha ya chumba chenye akwariamu yanayotazama upande unaopulizia.

Hali ya hewa ya Pwani inaruhusu?

Inaruhusu, kwa kuchagua saa. Makopo mengi yanaelekeza joto kati ya nyuzi 10 na 32, na hewa isiwe na unyevu mwingi. Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa, asubuhi na mapema kuna umande, na mchana wa Januari au Februari chuma kilichoanikwa juani kinaunguza. Saa tatu au saa nne asubuhi, kivulini, siku isiyo na mvua, ndiyo nafasi nzuri. Miezi ya Juni hadi Agosti ina hewa kavu zaidi, ila upepo wa kusi hupeperusha rangi na kuleta vumbi, kwa hiyo simamisha ubao au boksi kubwa upande unakotoka upepo. Wakati wa masika, ahirisha.

Arusha, Mbeya au Nairobi tatizo hugeuka: asubuhi za baridi huchelewesha rangi kukauka. Subiri jua lipande.

Napulizaje bila michirizi?

Tikisa kopo dakika mbili kamili baada ya kusikia kigololi kikicheza. Jaribu kwanza kwenye boksi. Shika kopo sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye taa, anza kubonyeza kabla hujafika ukingoni, pita kwa mwendo mmoja, na uachie ukishavuka ukingo wa pili. Kila mstari upande nusu ya ule uliotangulia. Mkono usogee sambamba na kava. Ukizungusha kiwiko, katikati patapata rangi nyingi na kingo zitabaki kavu.

Mkono wa kwanza uwe kama vumbi tu, chuma kikionekana kwa chini. Wanaoharibu kazi hapa ni wale wanaotaka ifunike mara moja.

Mikono mingapi, na nisubiri kiasi gani katikati?

Praima mkono mmoja au miwili, rangi miwili au mitatu. Akriliki nyingi huhitaji dakika 10 hadi 15 kati ya mkono na mkono. Enameli nyingi zina masharti ya pekee: upake tena ndani ya saa moja, au usubiri hadi siku mbili zipite. Ukipaka katikati ya muda huo, mkono mpya unalainisha ule wa chini ambao haujakomaa na rangi yote inakunjamana. Fuata kopo lako, hata kama fundi jirani ana maoni mengine.

## Kukauka na kurudisha

Nirudishe lini taa juu ya maji?

Kukauka kwa kugusa ni jambo moja, kukomaa ni jingine. Rangi inaweza kuwa kavu mkononi kwa saa moja na bado ikatoa mvuke wa viyeyusho kwa siku nyingi. Pendekezo langu: siku 7 kwa akriliki, siku 14 kwa enameli ya mafuta, mahali penye hewa na mbali na akwariamu. Wakati wa mvua ongeza.

Kisha fanya majaribio mawili. Weka taa kwenye boksi lililofungwa usiku kucha, asubuhi fungua na unuse. Ukipata harufu ya rangi, bado. Likipita hilo, iwashe kwa muda wa saa tatu au nne uani au kwenye chumba kisicho na samaki, kwa sababu joto hutoa mvuke uliobaki. Ikinuka ikiwa moto, irudishe kukaa.

Samaki na mimea watakaaje bila taa wiki nzima?

Samaki hawana shida. Mwanga wa kawaida wa chumba unawatosha. Mimea mingi huvumilia siku tatu au nne za giza, na wafugaji hutumia giza la aina hiyo makusudi kudhoofisha mwani. Zaidi ya hapo, azima taa ya mezani yenye balbu nyeupe ya LED uielekeze juu ya kioo, ikiwa imefungwa imara isitumbukie. Wenye matumbawe watafute taa mbadala kabla ya kufungua skrubu ya kwanza.

Nichunguze nini wakati wa kufunga tena?

Anza na ethi. Toa tepu, hakikisha chuma ni kitupu na kinang'aa, kaza skrubu. Ukiwa na mita ya umeme, pima ukinzani (omu) kati ya pini ya ethi ya plagi na kava mahali penye chuma kitupu: usomaji uwe karibu na sifuri. Kama huna mita, mwite fundi umeme; ni kazi ya dakika chache. Taa zinazotumia adapta ya volti 12 au 24 mara nyingi hazina ethi kwenye kava, na hizo hazihitaji kipimo hiki.

Waya wa taa uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone likitiririka lidondoke sakafuni. Na kama soketi za akwariamu yako hazijalindwa na swichi ya kukata umeme unaovuja, ile ya miliampia 30, pesa ya kopo la pili la rangi iende huko kwanza.

## Mambo yakienda mrama

Rangi imechuruzika. Usiifute ikiwa mbichi. Iache ikauke kabisa, sugua kwa msasa 400 wenye maji, pulizia mkono mwembamba.

Imeota weupe kama ukungu. Ni unyevu. Viyeyusho vinapoondoka hupoza uso wa chuma, na maji ya hewani yanagandia ndani ya rangi. Subiri siku kavu, sugua kidogo, pulizia tena.

Imekunjamana au kupasuka. Ama umevunja muda wa kati ya mikono, ama umeweka rangi yenye viyeyusho vikali juu ya enameli ya zamani. Hakuna kiraka hapa. Ondoa hadi chini na uanze upya.

Inabanduka juu ya akwariamu. Ishushe taa siku hiyo hiyo, usiikwangue ikiwa juu ya maji. Nyonya magamba yaliyozama kwa mpira wa kusafishia. Chanzo kitakuwa chumvi, silikoni au praima isiyolingana (tazama sehemu ya kuandaa).

Samaki wanahema juu ya maji baada ya taa kurudi. Toa taa nje, fungua madirisha, badilisha theluthi hadi nusu ya maji kwa maji yaliyotolewa klorini yenye joto linalolingana, na utie kaboni ya kuchujia kwenye kichujio kama unayo. Ongeza hewa, lakini pampu ifyonze kutoka chumba kisicho na harufu.

## Hali za pekee

Kava langu ni la plastiki.

Tazama alama ya pembetatu kwa ndani. ABS hupokea rangi vizuri baada ya msasa 320 na praima ya plastiki. Zenye PP au PE, plastiki zenye kuteleza kama ndoo, hukataa karibu kila rangi. Bila praima maalumu ya plastiki hizo, usianze. Polikaboneti na akriliki ang'avu zinaweza kupasuka nyufa ndogo kwa sababu ya viyeyusho, kwa hiyo jaribu mahali pasipoonekana na usubiri hadi kesho yake.

Kava langu ni la mbao au MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa).

Nje unaweza kupulizia. Ndani rangi ya kopo ni nyembamba mno kwa mvuke wa kila siku, na MDF ikifyonza maji huvimba kingoni na hairudi. Ndani tumia epoksi ya sehemu mbili au mikono kadhaa ya vanishi ya boti kwa brashi, ukikazia kingo zilizokatwa na matundu ya skrubu, na usubiri ikomae kama ilivyoelezwa juu.

Akwariamu yangu ni ya maji ya bahari.

Kila mkwaruzo utakuwa mlango wa chumvi. Ongeza mkono mmoja wa rangi ang'avu juu, futa taa kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi kila wiki, na ukiona lengelenge dogo lishughulikie kabla halijatambaa. Taa ikikaa chini sana juu ya maji ya bahari, kuinyanyua kidogo au kuweka kioo katikati kutaisaidia kuliko rangi yoyote.

Taa ni ya zamani na tayari ina rangi.

Rangi za miongo iliyopita zinaweza kuwa na risasi. Usiisugue kavu, tumia msasa wenye maji, nje, watoto wakiwa mbali, na vumbi lililolowa lifungwe kwenye mfuko. Ikiwa inabanduka sehemu nyingi, kununua kava jipya ni busara zaidi.

Naweza kumpa fundi wa gereji aipulize kwa kompresa?

Ndiyo, na kwa taa kubwa ya alumini ni chaguo zuri: rangi ya hadina ikikomaa ni ngumu na haitikiswi na chumvi. Mpelekee kava tupu, nyaya zote zikiwa zimebaki kwako. Mwonyeshe mahali pa ethi palipofunikwa, mwambie asitumie puti nene karibu na mapezi, na umweleze kwamba litakaa juu ya samaki ili asikuharakishie. Vipimo vya harufu vya hapo juu vinahusu kazi yake pia.

Waranti itabaki?

Kwa kawaida kufungua taa au kuipaka rangi huiondoa. Kama bado ina miezi, subiri iishe.

Nifanye nini na kopo lililobaki?

Ligeuze kichwa chini, bonyeza hadi itoke gesi tupu, na kichwa chake hakitaziba. Lihifadhi kivulini, chini ya nyuzi 50. Ndani ya gari lililoegeshwa juani si mahali pake. Tupu au nusu, lisitobolewe wala kutupwa kwenye moto wa takataka. Na lisikae ndani ya kabati la akwariamu pamoja na chakula cha samaki na pampu ya hewa, kwani likivuja kidogo tu, pampu itaifikisha gesi hiyo majini.